Shahidi Ndani ya Bomba la Moshi
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni wao, Nyanchwa, Kisii)

Tumekutana Jumapili kwa sababu Jumamosi wengi wa hapa Nyanchwa wako kanisani, nao wenzetu wa makanisa ya Jumapili wametuazima alasiri yao. Hatutawaweka mpaka giza.

Wako waliouliza njiani: watu wa reli wana shauri gani na motokaa? Jibu ni fupi. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo haijapanda milima hii kuja Kisii. Mtu wa reli aliyezaliwa huku akipata likizo hurudi kwao kwa barabara, na ndugu zake wa tumbo moja ndio madereva, utingo na makanika wa barabara hiyo. Tena jambo lililotuleta hapa leo si la motokaa peke yake. Ni la mshahara.

Mwenzetu mmoja, ambaye jina lake hatulitaji, huendesha pikapu ya zamani, Peugeot 504 yenye kabureta, akipeleka ndizi Kisumu. Gari si lake, ni la tajiri mmoja, na jina la huyo pia hatulitaji. Tajiri alilinunua Mombasa, na kule pwani aliambiwa litakula petroli kiasi fulani kwa safari ya urefu fulani. Lilipofika huku likala zaidi. Kila wiki tajiri alipiga hesabu yake, akaona lita zimepungua, akamwambia dereva, "Wewe unauza petroli yangu njiani." Dereva akaapa. Tajiri akakata mshahara. Mwezi wa pili akakata tena, na safari hii alisema hata polisi watajulishwa.

Ndugu wanachama, kiapo cha dereva hakina uzito mbele ya kalamu ya tajiri. Twajua sote kwamba wako madereva wanaonyonya petroli kwa mpira na kuiuza kando ya barabara, na kwa ajili ya hao kila dereva huonekana mwizi. Basi mtu mwaminifu afanye nini? Lazima apate shahidi asiyekula mshahara wa mtu yeyote. Tulimtafuta shahidi wa namna hiyo, tukamfunga ndani ya bomba la moshi la pikapu ile, tukamsikiliza. Leo tutawaeleza habari zake, na zaidi sana namna ya kumfunga, maana akifungwa vibaya hugeuka shahidi wa uongo, na uongo wake utamwumiza dereva kuliko kalamu ya tajiri.

Shahidi mwenyewe ni kile chombo ambacho mafundi hukiita sensa ya oksijeni. Si sensa ile ya mwaka 2019, walipokuja watu na mashine zao ndogo kutuhesabu pamoja na kuku wetu. Hii ni kitu kidogo cha chuma, kama plagi ya injini, chenye mkia wa waya. Huingizwa katika ekzosi, hupimwa nayo oksijeni iliyobaki ndani ya moshi.

Kwa nini oksijeni? Wazee wetu wa reli waliyajua haya bila waya wowote. Mwaka 1955 na 1956 Reli ya Afrika ya Mashariki ilipokea injini 34 za mvuke za Garratt, daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester. Zilipewa majina ya milima, na moja yao, Mount Gelai, iko mpaka leo katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Injini zile zilichoma mafuta mazito, na mchochea moto alitazama juu ya dohani saa zote. Moshi mweusi ulimwambia kwamba mafuta yamezidi hewa, yaani mali ya reli inatupwa angani. Akikosa kuona moshi kabisa, huenda hewa ndiyo iliyozidi, na hewa baridi inaiba joto la boila. Alitafuta ukungu mwembamba wa kijivu, basi. Jicho lake lilikuwa sensa ya siku zile, na mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko kazi ya jicho hilo.

Injini ya petroli haitoi moshi wa kusomeka vizuri namna hiyo. Inaweza kutupa petroli nyingi sana na moshi ukaonekana msafi kwa mtu aliyesimama nyuma. Hesabu yake ni hii: kilo 1 ya petroli, ili iungue yote bila kubaki petroli wala oksijeni, huhitaji kilo 14.7 za hewa. Hewa ikipungua, tuseme 12 kwa 1, mchanganyiko umekuwa mzito, petroli inapita bila kuungua sawasawa. Hewa ikizidi, tuseme 16 kwa 1, mchanganyiko umekuwa mwepesi. Injini ikipanda mlima na mzigo hupenda uzito kidogo, kama 12.5 au 13, maana hapo ndipo nguvu ilipo, na injini haipati joto la kuichoma. Katika tambarare, gari likienda polepole, 14.7 yatosha, na gari zima huweza kwenda hata juu kidogo ya hapo.

Sasa tazameni mahali petu. Mji wa Kisii uko karibu meta 1,700 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita au saba. Ninyi mliopita Timboroa kwa gari la moshi, ambako reli hupanda zaidi ya meta 2,700, mmeuhisi wepesi huo katika pumzi zenu. Kabureta haina akili. Tundu la jeti ni lile lile Mombasa na Nyanchwa. Hewa imepungua uzito, petroli haikupungua kwa kadiri hiyo hiyo, basi mchanganyiko unakuwa mzito. Magari mapya ya injekta za kompyuta hujirekebisha yenyewe, na hujirekebisha kwa sababu yana sensa hii hii katika ekzosi. Pikapu ya ndizi haina.

Sensa ziko za namna mbili, na hapa ndipo wengi hununua kisichowafaa. Ile ya kawaida ilianza kutiwa katika motokaa mwaka 1976, Bosch wakiitengeneza na Volvo wakiitumia katika magari yaliyokwenda Marekani. Ndani yake mna udongo maalumu uliochomwa, uitwao zirkonia. Udongo huo ukipata moto sana huruhusu oksijeni ipenye katikati yake. Upande mmoja una hewa ya nje, upande wa pili moshi. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzaa umeme kidogo sana. Mchanganyiko ukiwa mzito, mita huonyesha karibu volti 0.9. Ukiwa mwepesi, karibu 0.1. Katikati, pale penye 14.7, umeme huruka ghafula kutoka upande mmoja hadi wa pili. Maana yake ni kwamba sensa hiyo hujibu ndiyo au siyo tu. Ni kama mtu anayeonja chai na kusema sukari imezidi. Ukimwuliza imezidi vijiko vingapi, hajui.

Ya pili mafundi huiita waidibendi, yaani yenye upimaji mpana. Hiyo huhesabu vijiko. Ndani yake mna chumba kidogo ambamo moshi huingia kwa tundu jembamba, na ukuta wa chumba ni pampu ya oksijeni ya udongo ule ule. Kisanduku cha umeme kilichofungwa nayo hujitahidi kukiweka chumba hicho katika usawa wa 14.7 wakati wote. Oksijeni ikizidi, huisukuma nje. Ikipungua, huivuta ndani. Umeme unaotumika kusukuma au kuvuta ndio kipimo, nao hugeuzwa kuwa namba katika geji: 11.5, 13.2, 14.7. Kwa kesi ya mshahara tulihitaji namba. Neno "imezidi" tajiri angeliweza kubishana nalo mpaka Krismasi.

Basi tuje kwenye kazi. Tuliifanya katika banda la fundi mmoja hapa chini ya kilima, nasi tutaieleza kwa urefu, kwa kuwa wengi wenu mtaifanya kwa mikono yenu wenyewe.

Kwanza ni mahali pa kutoboa. Sensa ikiwekwa karibu mno na hedi ya injini huungua. Ikiwekwa mbali mno hupoa na majibu yake huchelewa. Kwa gari la namna ile tulipima kama sentimeta 60 kutoka milango ya moshi, baada ya mabomba ya silinda zote kukutana, ili shahidi asikie habari za silinda zote nne na si za moja tu. Gari lenye tabo, sensa hukaa baada ya tabo. Gari lenye lile sanduku la katalisti la kusafishia moshi, sensa hukaa kabla yake, maana baada yake moshi umekwisha badilishwa. (Magari mengi huku hayana tena sanduku hilo. Lina madini ya thamani, na wako mafundi wanaolikata wakamwambia mwenye gari kwamba lilikuwa limeziba. Hilo nalo ni wizi, ingawa mwizi amevaa ovaroli kama sisi.)

Pili ni upande. Injini baridi ikiwaka, maji hutokea ndani ya ekzosi; mmeyaona yakidondoka asubuhi. Sensa ikifanya kazi huwa na joto linalopita digrii 700 kwa kipimo cha sentigredi, na tone moja la maji likigusa udongo wenye moto namna hiyo, udongo hupasuka kama chungu kilichotolewa jikoni na kutiwa maji. Kwa hiyo isielekee chini kamwe, wala isilale sawasawa. Ikae upande wa juu wa bomba, imeinama kidogo, ncha ikitazama chini, walau digrii 10 juu ya mstari wa kulala. Wala isisimame wima kabisa juu ya bomba, maana joto lote hupanda na kuchoma mkia wa waya. Mkitazama bomba kama uso wa saa, iwe kati ya saa nne na saa sita kasoro, au upande wa pili kati ya saa sita na kitu na saa nane.

Tatu ni nati ya kuchomelea. Uzi wa sensa hizi una kipenyo cha milimita 18, na hatua ya milimita 1 na nusu. Nati yake yaweza kununuliwa, au hukatwa katika ekzosi ya gari lililokufa lenye uzi wa namna hiyo. Tundu la bomba hutobolewa la milimita 22 hivi, kisha husawazishwa kwa tupa mpaka nati ikae bila mwanya. Mtu asiye na kekee kubwa huzunguka na matundu madogo, akamalizia kwa tupa. Hilo si aibu.

Kuchomelea ndiko kulikotutia hofu, nasi tunasema wazi mbele ya wenye mabanda. Tulikuta welda kijana anachomelea na miwani ya jua ya sokoni. Miwani ile si kinga. Huyafanya macho yaone giza kidogo, yakafunguka zaidi, na mwanga ule mbaya ukaingia. Usiku kijana hulia kama ametiwa mchanga, asubuhi hurudi kazini, na baada ya miaka macho yamekwisha. Kioo cha welda kina bei, lakini mwenye banda anayemtoza mteja bei ya fundi ampe fundi kioo cha fundi. Tena asichomelee bomba la mabati. Zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na kutetemeka usiku, na wengi hudhani ni malaria. Gari likae juu ya stendi za chuma wala si juu ya jeki peke yake au mawe. Betri ifunguliwe kabla ya kuchomelea. Tangi la petroli na mpira wake viwe mbali na cheche, na ndoo ya mchanga iwe karibu. Sensa yenyewe isiwemo katika nati wakati wa moto. Weka boliti ya zamani ili uzi usipinde, kisha bomba lipoe lenyewe.

Nne ni kuifunga. Sensa mpya huja na mafuta yake maalumu katika uzi, ili isigandamane na nati. Mafuta hayo yasipakwe kwenye ncha. Gundi ya silikoni, ile ya bomba ambayo wengi huipenda kwa kuziba kila kitu, isitumike karibu na ekzosi wala katika injini isipokuwa ile iliyoandikwa kuwa haidhuru sensa, kwa sababu mvuke wake huua udongo ule. Mtu asiiangushe chini. Si jiwe la Tabaka la kuchongwa, ikianguka huwa imekwisha hata kama kwa nje haina alama. Ikazwe kwa nguvu ya mkono wa kawaida na spana fupi. Mwenye spana ya kupimia nguvu atie nyutonimeta 40 hadi 60.

Na umeme. Ndani ya sensa mna hita. Hita hiyo inataka umeme wa kutosha, kwa hiyo waya wake upitie fyuzi, na upate umeme ufunguo ukifunguliwa tu, wala si saa zote, la sivyo betri itakufa usiku. Waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma safi cha injini, si kwenye rangi wala kutu. Kisanduku cha umeme kikae ndani ya kebini, mbali na joto na maji. Soketi ya sensa isikatwe ili kuongeza waya, maana katika soketi ya sensa nyingi za namna hii mna kipande kidogo kilichorekebishwa kiwandani kwa sensa hiyo hiyo moja. Ukikikata umemkata shahidi ulimi. Vyombo vingine hutaka sensa ining'inizwe kwanza katika hewa safi ili kijue hewa yenye oksijeni sehemu 21 kwa mia inafananaje. Fanyeni hivyo nje, mbali na moshi wa magari na wa jikoni. Na sensa ikiisha fungwa katika ekzosi, injini isiendeshwe hata siku moja bila umeme kufika kwenye hita, maana masizi yataifunika ikiwa baridi, nayo itakufa. Mtu akitaka kuendesha gari bila geji, aitoe sensa, aweke boliti.

Hapo kazi ya mikono imekwisha. Lakini tulisema shahidi anaweza kusema uongo, na hili ni zito kuliko yote.

Sensa huona oksijeni, haioni petroli. Ekzosi ikiwa na ufa kabla ya sensa, au gasketi ya manifoldi imeungua, hewa ya nje huvutwa ndani, na geji husema mchanganyiko ni mwepesi hali ni mzito. Plagi moja ikifa, silinda yake hutoa petroli na hewa vyote bila kuungua, sensa huona ile oksijeni na kusema, "Mwepesi!" Fundi asiyefikiri huongeza jeti, gari likazidi kula, na dereva akazidi kukatwa. Kwa hiyo kabla ya kusoma namba yoyote tulibadilisha plagi, tukakaza manifoldi, tukaziba mlango wa ekzosi kwa kitambaa na kusikiliza kama kuna mahali panapotoa sauti. Palikuwapo mahali pamoja. Tukapachomelea.

Risasi pia humwua shahidi huyu, na habari ya risasi ni ya wafanya kazi. Mwaka 1921 katika kampuni ya General Motors huko Marekani, Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli injini huacha kugonga. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanya kazi watano walikufa kwa sumu hiyo katika kiwanda cha Bayway, New Jersey, wengine wakapoteza akili, na bado petroli hiyo iliuzwa dunia nzima. Nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na tarehe 30 Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangaza, kutoka Nairobi, kwamba nchi ya mwisho imeacha. Fikirini ni miaka mingapi hiyo tangu wale watano wazikwe. Leo sensa hufungwa huku bila hofu ya risasi. Hofu iliyobaki ni ya petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia mchezo huo. Waliochanganya ni wenye matangi. Walioongezewa bei ni akina mama wenye taa na majiko.

Sasa safari yenyewe. Tulimwomba tajiri akae mbele, karibu na dereva, geji ikiwa mbele ya macho yake, na mmoja wetu akakaa na daftari. Tukashuka Oyugis, Sondu, Katito, mpaka tambarare ya Ahero. Pale, gari likienda taratibu, namba ilikaa 11.8. Tajiri akauliza ilitakiwa ngapi. Tukamwambia 14.7, na tukampigia hesabu: gawanya 14.7 kwa 11.8, utapata karibu 1 na robo. Kwa hewa ile ile, mahali pa kutumia lita 4, gari hili linatumia lita 5. Lita ya tano haikuuzwa kando ya barabara. Inatoka nyuma, haikuungua sawasawa. Tajiri alinyamaza. Tuliporudi, kadiri tulivyopanda namba ilizidi kushuka. Katika mlima wa Sondu ikafika 10.9, na karibu na Kisii, penye usawa, ilikaa 11.4. Gari lile lile, mguu ule ule wa dereva. Kilichobadilika ni urefu wa nchi.

Kesho yake kabureta ilifunguliwa. Jeti kubwa ilikuwa imepanuliwa na fundi fulani wa zamani kwa waya au kekee, sindano ya floti imelika, na chujio la hewa limejaa vumbi jekundu. Tukatia jeti ndogo, sindano mpya na chujio jipya. Tukaenda tena Ahero: 14.2 katika tambarare, 12.9 mlimani na mzigo. Safari ya kwanza baada ya hapo, petroli ilitosha na ikabaki.

Iko faida nyingine ambayo haimo katika hesabu ya tajiri. Mchanganyiko mzito hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu. Ndiyo ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa, na huku kwenye baridi twajua misiba hiyo. Utingo wa pikapu ile alikuwa akilala ndani ya gari injini ikinguruma ili apate joto, na kila mara aliamka na kichwa kikimwuma. Ufa ule wa ekzosi ulikuwa chini ya kiti chake. Mafundi msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa, hata dakika chache za kupima namba. Lisukumeni gari nje.

Kuhusu mshahara, mambo hayajaisha. Tajiri amekubali kwamba dereva si mwizi, na amesema hivyo mbele ya watu wawili. Fedha alizokata hajarudisha. Asema zilikwenda kununua petroli. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, hutaja makato yanayoruhusiwa. Kwa hasara ya mali, mwajiri hukata kiasi cha haki ikiwa mfanya kazi ameileta kwa kusudi. Na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Hapa hapakuwa na kusudi la mtu. Palikuwa na tundu la jeti. Daftari lenye namba za safari mbili, tarehe, mahali, na sahihi ya tajiri mwenyewe chini ya kila ukurasa, liko kwa Katibu. Sahihi hiyo tuliitaka siku ile ile, kabla hajashuka garini, nasi twawashauri kila mtu afanye vivyo hivyo, kwa kuwa namba isiyo na sahihi ni hadithi. Barua ya kudai imeandikwa. Asipojibu, shauri litapelekwa kwa ofisa wa kazi.

Chombo kilinunuliwa kwa michango ya wanachama, nacho kimo katika sanduku la mbao kwa Katibu pamoja na geji na waya zake. Dereva yeyote aliyekatwa kwa ajili ya petroli anaweza kukiazima. Aje na nati yake ya milimita 18 na fyuzi yake, aje na fundi mwenye kioo cha kuchomelea, na aweke jina lake katika kitabu. Sensa ikirudi imelowa maji au imeanguka, tutajua, na kamati itauliza.

Wenzetu wawili wa njia ya Nyamira wamekwisha andika majina, na mmoja wa Kilgoris. Hata sasa kitabu ki wazi juu ya meza ile, karibu na birika. Chai iko tayari, kisha tutapokea maswali.